Meno ya Refa

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, bila radi, kama mtu aliyeingia ndani bila kubisha hodi. Nimeanza pia daftari hili, kwa sababu nimepewa kazi ambayo si ya fani yangu.

Mimi natengeneza meno bandia. Nina chumba nyuma ya kliniki: dirisha moja, mota ya kusagia, meza yenye madoa ya nta ambayo hayatoki tena. Daktari wa kliniki ana oda kumi na moja za nyumba ya wazee, na wazee hao hawawezi kupanda ngazi zake. Hivyo kila Jumatatu nitakwenda mimi kwao na sanduku langu, mpaka wote wapate meno.

Msimamizi wa nyumba hiyo ni mwanamke nadhifu, hatui funguo zake chini hata akiwa amekaa. Ameniambia: "Kwa vile utakuwa nao karibu, waulize. Kila mmoja akupe funzo moja la kuishi bila majuto. Tutayaandika ubaoni, pale mapokezi, wageni wasome."

Nikamwambia mtu mwenye kipimo mdomoni, ile rojo ya kuchukulia umbo la fizi, hawezi kutoa mafunzo. Akasema nisubiri kikauke.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mpimaji alipita kuniletea mwavuli wangu niliousahau kwake garini. Hakuuliza kitu.

Niandike ni nani, maana hata daftari linataka kujua. Anapima barabara mpya inayojengwa nje ya mji. Ana miaka hamsini na mmoja, mkewe alifariki zamani, hana makuu. Mwaka jana alikuja kliniki na jino lililovunjika. Nilimtengenezea jingine, kisha akaendelea kuja bila jino la kusingizia. Wiki mbili zilizopita aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Mimi nina arobaini na sita, sijawahi kuolewa. Nilimjibu, "Tuache kwanza mvua ije ipite." Akasema, "Sawa."

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimechukua vipimo vya watatu.

Wa kwanza ni Bibi Mkunga, miaka tisini na sita. Alizalisha nusu ya mji huu, na nusu nyingine anasema ilizaliwa vibaya. Nilipomtoa kipimo mdomoni nikamuuliza namna ya kuishi bila majuto.

"Ya nini?"

"Ya kuandika ubaoni, Bibi."

"Andika hivi. Mimi najuta kila siku, baada ya chai ya asubuhi, mpaka jua lifike pale dirishani. Likifika naacha. Nina mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Kukaa."

"Na siku za mvua kama leo, jua lisipofika?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mjukuu wangu, siku za mvua ni kazi."

Wa pili alikuwa mwashi. Anajuta ukuta mmoja tu uliopinda. Bado umesimama, watu wanaishi ndani, lakini yeye anajua ulipo.

Wa tatu wanamwita Refa. Ana miaka tisini na mitatu na alichezesha mpira kwa miaka thelathini. Fizi zake zimeisha, za chini hasa, itakuwa kazi kushikisha. Nikamweleza meno yatamsaidia kula. Akatikisa kichwa. Hakutaka meno ya kula, uji unamtosha. Anataka ya kusema.

"Kuna herufi thinanikimbia," akasema. "Eth. Na thed. Kuna jambo nataka kulithema, na thitaki mtu acheke."

Nikamuuliza funzo lake. Akasema atanipa akishapata meno.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Viatu vya Jumatatu iliyopita bado vibichi.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemjaribisha Refa meno yakiwa bado kwenye nta. Kipimo changu cha matamshi ni rahisi: mtu ahesabu kuanzia sitini hadi sabini. Meno ya mbele yakikaa vibaya, sitini na sita inamfichua. Yake ilitoka na mluzi.

"Siyo filimbi hii," akasema, akacheka, meno yakadondoka mapajani.

Kisha akayarudisha mdomoni, akaomba ajaribu sentensi yake mwenyewe. Akajiweka sawa kitini, akavuta shati, akasema: "Samahani, sikuja Ijumaa." Mluzi mara mbili. Akanitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Nikamwambia nitapunguza nyuma ya meno mawili ya mbele.

"Hukuja wapi, Mzee?"

Akanieleza, huku nikisafisha vyombo. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa alikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu. Mchumba akapata nafasi ya kwenda kusoma mbali. Akamwambia Refa: nambie, nikatae nafasi tuoane, au niende. Nijibu Ijumaa, kituo cha basi, saa tatu. Refa akasema sawa. Ijumaa akachukua filimbi yake akaenda mji mwingine kuchezesha mechi ambayo mtu yeyote angeweza kuchezesha.

"Ulikuwa humtaki?"

"Sikujua. Uwanjani naamua kabla mpira haujagusa chini. Pale sikujua, nikaona nikikaa kimya jambo litajiamulia lenyewe."

Baadaye alioa mwingine, wakazaa, mke akafariki. Kwa miaka sitini na minne anajuta kwamba hakumwoa yule mwalimu. Mwalimu yupo hai, ana miaka themanini na minane, anaishi upande wa pili wa mji huu huu. Mjukuu wake ndiye mfamasia anayeleta dawa hapa kila mwezi. Siku moja alimtaja bibi yake, na Refa akashindwa kumeza vidonge.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Shangazi, dada ya marehemu baba, ninayeishi naye. Ameketi sebuleni na Mpimaji, wanakunywa chai. Mpimaji akasema kampuni yao inafungua barabara nyingine, safari ya siku mbili kutoka hapa. Wamempa nafasi ya kuwa mkuu wa wapimaji. Au abaki hapa kwenye matengenezo, kazi ndogo.

"Umewajibuje?" nikauliza.

"Nimewaomba wanisubiri kidogo."

Sikumuuliza anawasubirisha kwa ajili ya nini. Alipokuwa anaondoka aliosha kikombe chake. Shangazi akakitazama kile kikombe kwa muda.

"Mwanaume anaosha kikombe mwenyewe," akasema, "na wewe unamweka kama fomu ya serikali."

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua usiku kucha. Chokaa ya ukuta wa nyuma imeanza kuvimba. Mota imegoma nusu siku.

Jumatatu, 8 Aprili

Ubao umetundikwa mapokezi, kwa herufi za rangi ya bluu. Chini ya picha ya Bibi Mkunga imeandikwa: "Samehe yaliyopita, furahia kila siku." Bibi akaniomba nimsomee, macho yake hayafiki.

"Nani kasema?"

"Wewe, Bibi."

"Nilikuwa na homa?"

Nikamwendea msimamizi. Akasema amerekebisha kidogo tu, ili wageni wasihuzunike. Hana ubaya, nafikiri. Mwanzoni nilimwona mtu wa kujionyesha. Leo nimemwona amepiga magoti akimkata mwashi kucha za miguu, funguo zipo sakafuni.

Jumatatu, 15 Aprili

Bibi Mkunga amepata meno yake. Ameyavaa, ameuma mkate, amesema makubwa. Nimepunguza. Amesema madogo.

Nikamuuliza kama aliwahi kukataa mchumba. Sijui kwa nini nilimuuliza.

"Niliwakataa wawili. Wa tatu nilimkubali, naye ndiye aliyestahili kukataliwa." Akamega kipande kingine cha mkate. "Wewe una nani?"

"Yupo mtu."

"Unamtaka?"

Nikafunga sanduku. Nikasema mvua itanikuta njiani. Ilikuwa imeshanikuta tayari, nilikuwa nimelowa tangu asubuhi.

Alhamisi, 18 Aprili

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Napenda Mpimaji akija. Napenda pia akiondoka, nikafunga mlango, nyumba ikarudi kuwa ya Shangazi na mimi. Nimejaribu kufikiria asiondoke. Kila nikifikiria nasimama pale pale, kama mashine yenye mkanda uliolegea. Hili nalijua tangu kabla ya mvua.

Sijamwambia kwa sababu ni mtu mwema. Mtu mbaya ningemjibu siku ile ile.

Jumatatu, 22 Aprili

Meno ya Refa yamekaa. Sitini na sita imetoka safi. "Samahani, sikuja Ijumaa" imetoka safi. Ameirudia mara nne. Kisha ameniomba nimpeleke kwa Mwalimu Jumatatu ijayo. Wanawe wako mbali, na msimamizi hana mtu wa kumsindikiza. Mfamasia ameshamuuliza bibi yake. Bibi yake amejibu: "Aje. Sihami."

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nina mengi.

Tuliondoka kwa teksi saa nne. Refa alivaa koti la kijivu lililokuwa kubwa kwake kwa miaka kama ishirini hivi. Mvua ilikuwa nzito, dereva akiendesha ameinama kwenye kioo. Njia nzima midomo ya Refa ilikuwa inacheza. Nilijua anarudia ile sentensi.

Nyumba ya Mwalimu ni ghorofa ya chini, ina baraza dogo lenye ndoo tatu za kukinga maji. Mfamasia alitufungulia. Ndani kulikuwa na meza, redio, rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa urefu, na bibi mwembamba sana aliyekaa wima bila kuegemea. Hakusimama. Alimtazama Refa tangu mlangoni mpaka alipokaa, na mtu wa miaka tisini na mitatu hachukui muda mfupi kukaa.

"Umezeeka," Mwalimu akasema.

"Na wewe."

"Mimi nina sababu. Nimefanya kazi."

Mfamasia akaleta chai, akajitia ana shughuli jikoni. Nilitaka nami kutoka. Refa akanishika mkono wa blauzi, nikabaki.

Akajiweka sawa. Akasema, herufi zote zikiwa mahali pake: "Samahani, sikuja Ijumaa."

Mwalimu akakoroga chai yake. "Hilo tu?"

"Nimelijutia maisha yangu yote. Nilipaswa kukuoa."

"Nani kakwambia?"

Refa akageuka kunitazama mimi.

"Nakuuliza kweli," Mwalimu akasema. Sauti yake haikupanda. "Umekaa miaka sitini na minne ukijuta kutonioa. Uliwahi kuniuliza kama hilo liliniuma? Liliniuma wiki tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikalia, nikapona. Nilikuja kuolewa na mtu aliyekuwa anafika pale aliposema atafika. Nimezaa, nimesomesha, nimekula chumvi. Wewe ungekuwa mume wa hovyo. Ungekuwa kila siku uko uwanjani."

"Basi nini..."

"Subiri. Nilifika kituoni saa tatu, na sanduku. Basi la kwanza likaondoka. Nikasema labda kachelewa. La pili likaondoka. Nikarudi nyumbani, nikasema labda ameugua, nimngoje Jumamosi. Jumapili hakuna basi. Nimefika chuoni Jumanne, wamenifungia mlango. Nafasi wamempa mtu mwingine. Unajua nilingoja muda gani mpaka nikapata tena?"

Refa akashusha kikombe chake.

"Miaka miwili. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza kuhesabu njiti, miaka miwili, huku najua ningekuwa wapi. Hiyo ndiyo uliyonichukulia. Ungekuja ukasema 'hapana', ningepanda basi la kwanza nikilia, nikafika kwa wakati. Neno moja. Ulikuwa unapuliza filimbi mia kwa siku, neno moja likakushinda."

Mvua ilikuwa inagonga ndoo za barazani. Mmoja baada ya mwingine sote watatu tulizitazama, kwa sababu hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Refa alitoa kitambaa akafuta mdomo. Nilidhani meno yamelegea. Hapana, alikuwa anatafuta muda.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Ungelijuaje? Hukuuliza."

"Nimejuta kitu ambacho sicho."

"Umejuta kitu chako. Changu hukukigusa."

Refa akakunja kitambaa chake. Kisha akasema, bila kujiandaa, bila kuvuta koti: "Basi samahani kwa miaka miwili."

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Hiyo naipokea," akasema. Akamsogezea mkate. "Kula. Meno si unayo."

Alikula. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeona meno yale yakifanya kazi ya kula. Wakaongea kuhusu watu waliokufa, mmoja mmoja, kama watu wanaoita mahudhurio darasani. Tulipokuwa tunaondoka Mwalimu akamwambia arudi, kwamba amekumbuka mambo mengine manne ya kumgombeza.

Kwenye teksi Refa akasema, "Funzo langu uliliuliza."

"Ndiyo, Mzee."

"Sina. Nilikuwa nalo asubuhi."

Jumanne, 30 Aprili

Nilifunga chumba saa sita mchana nikaenda kwenye kambi ya barabara. Mpimaji alikuwa kwenye banda la bati, ramani zimetandazwa mezani, mawe juu yake. Akanisafishia kiti. Sikukaa.

"Nimekuja kukujibu," nikasema. "Jibu langu ni hapana."

Alikunja ramani moja, taratibu, kwa kufuata mikunjo yake ya zamani.

"Kuna nililokosea?"

"Hakuna. Sitaki kuolewa. Ningetaka, ningetaka na wewe."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Kabla ya mvua," nikasema.

Akanyanyua uso. Mtu huyu sijawahi kumwona amekasirika, na hata pale sidhani kama ilikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyerudia kipimo akakuta makosa ni ya mwanzo kabisa.

"Basi ungeniambia kabla ya mvua," akasema.

Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba ile nafasi ya mkuu wa wapimaji wamempa mwingine. Ijumaa iliyopita. Walichoka kungoja jibu lake. Atakwenda kule kule, tarehe kumi na nne Mei, kwa sababu matengenezo hapa ni ya miezi michache tu, lakini atakwenda kama mpimaji wa kawaida, chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejiona nakusukuma."

Nilisimama pale. Bati lilikuwa linapiga kelele ya mvua. Nikasema nitachelewa kliniki, jambo la kijinga, maana ufunguo wa chumba ninao mimi na hakuna aliyekuwa ananingoja. Nikaondoka.

Jumatano, 1 Mei

Sikufanya kazi. Shangazi ameniuliza mara moja, nikamwambia yote. Nilidhani atanisema. Ameniwekea maji ya kuoga.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imepungua, inakuja mchana tu. Nimerekebisha meno ya mwashi. Bibi Mkunga ameniambia nimekonda, nikamwambia ni viatu vya mvua, vinanifanya nionekane hivyo.

Nilimkuta Refa kwenye kibaraza cha nyuma, nikamwambia kilichotokea kambini. Nilimwambia yeye kwa sababu angeelewa bila maelezo marefu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimpa jibu."

"Jibu ni jibu. Nakuuliza ile nafasi yake."

"Nilishindwa."

Akakohoa. "Usifanye kama mimi ukaanza kujuta kumkataa. Utajikuta unajuta hilo maana ni rahisi, lina nyimbo. Hukumkosea kwa kumkataa. Anaondoka lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Basi una wiki. Mimi nilikuwa na miaka sitini na minne, na niliitumia yote."

Sikuandika hilo kwa ajili ya ubao. Msimamizi angelirekebisha.

Ijumaa, 10 Mei

Hakuna mvua. Nimeshindwa kwenda.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshindwa tena. Nilifika mpaka kona.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikwenda nyumba ya wazee kwanza, kazi ilikuwa ya saa moja. Mwalimu alikuwepo, amekuja na mjukuu wake, amekaa na Refa kwenye benchi la kibaraza. Alikuwa amefikia jambo la pili kati ya yale manne. Bibi Mkunga aliomba asogezewe kiti karibu, asikose.

Kutoka hapo nikaenda kwenye barabara. Matope yameanza kukauka juu, chini bado ni laini, kila hatua inakushika kisha inakuachia. Mpimaji alikuwa peke yake kwenye tuta, ameinamia chombo chake cha miguu mitatu. Mbali, kama mita mia, mwenzake alikuwa ameshika mti wa kupimia wenye namba. Ilikuwa siku yao ya mwisho ya vipimo.

Nilitembea mpaka nikasimama mbele yake. Hakuinua kichwa mara moja.

"Sikuja kubadilisha jibu," nikasema.

"Najua."

"Nilijua jibu tangu mwanzo nikalikalia wiki nane. Ile nafasi umeikosa kwa sababu yangu. Siombi radhi kwa kukukataa. Naomba radhi kwa hilo."

Akainua kichwa. Alikuwa na alama ya duara kwenye jicho, palipogusa chombo. Alinitazama kwa muda, na mimi sikuangalia pembeni. Nilikuwa nimejiandaa aseme si kitu. Asingesema kweli, na nisingeamini.

"Nimesikia," akasema.

Nikangoja. Nyuma yangu mwenzake alipunga mkono, akapiga kelele kuuliza kama tayari.

"Sogea kidogo kando," Mpimaji akaniambia, kwa upole ule ule wa siku zote. "Umeziba namba."

Nikasogea. Akainama, akafumba jicho moja, akasoma, akaandika.